Bei na ankara za kazi ya rangi ya nyumba Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na mafundi wenzangu kijiweni, mengine na wateja kwenye simu. Namba za shilingi nilizotumia ni za kuonyesha hesabu tu. Bei ya ndoo ya rangi iulize dukani siku ileile unayoandika makadirio, na bei ya ufundi utaipata mwenyewe kwa njia iliyo kwenye swali la 5.

## Kabla ya kutaja bei

1. Mteja akipiga simu akauliza, "Fundi, nyumba ya vyumba vitatu bei gani?" nimjibu nini?

Usitaje jumla. Mwambie: "Shikamoo mama. Kesho saa nne nitapita nipime, jioni nakutumia makadirio." Vyumba vitatu vya Kwa Mrombo vinaweza kuwa na ukubwa wa sebule moja ya Njiro, na kuna nyumba za zamani za Shanty Town, Moshi, ambazo dari yake huigusi hata ukipanda meza.

Mimi nilishawahi kutaja laki nane kwa simu kwa nyumba ya Sakina. Nilipofika nikakuta dari ya mbao iliyoungwa vipandevipande, kila kiungo kinataka brashi ya inchi moja. Kazi niliyoipigia hesabu ya siku nane ikala siku kumi na saba, na laki nane ikabaki laki nane. Mteja hakuwa na kosa: bei niliitaja mimi.

Akikung'ang'aniza, mpe bei ya mita moja ya mraba kwa ukuta mzuri, na umwambie wazi kwamba ukuta mbovu una bei yake. Namba ya kwanza kutoka mdomoni mwako ndiyo atakayokukumbusha siku ya kulipa. Masharti uliyoyaambatanisha nayo atakuwa ameshayasahau.

2. Nikifika kwenye nyumba, niangalie nini kabla hata ya kutoa futi?

Angalia ukuta, maana muda mwingi huliwa na maandalizi kuliko kupaka kwenyewe. Nina kipimo kimoja ambacho hakigharimu kitu. Bandika kipande cha selotepu ukutani, kikandamize kwa kidole gumba, halafu kivute kwa ghafla. Ikitoka safi, rangi ya chini imeshika. Ikitoka na unga mweupe, hapo chini kuna chokaa au skimu (lile lipu laini la juu ya plasta) iliyokufa, na rangi yoyote utakayoweka juu itababuka nayo. Fanya hivyo kila chumba, mbele ya mteja. Akishaiona ile tepu imejaa unga, hutahitaji maneno mengi kumweleza kwa nini kuna mstari wa "kukwangua na praima", yaani ile rangi ya kwanza ya kushikisha.

Angalia pia chini ya madirisha na nusu mita kutoka sakafuni. Ukuta unaotoa chumvi au wenye unyevu haukai rangi mpaka chanzo kitibiwe: mfereji uliokatika, bomba linalovuja, au udongo uliorundikwa nje kupita usawa wa sakafu. Huko Machame, Kibosho na Marangu migomba mara nyingi imeota karibu sana na nyumba, na upande huo ukuta unakuwa na ukungu wa kijani. Huo unaoshwa kwa brashi ngumu na jiki, unasuuzwa, unaachwa ukauke. Ni siku nzima ya mtu. Iandike.

3. Nitoze kwa mita, kwa chumba, kwa siku au bei moja ya kazi nzima?

Kwa kuta na dari, mita ya mraba. Kwa milango, grili na geti, kwa kimoja. Kwa ukarabati usiojulikana mwisho wake, kama kukwangua rangi ya mafuta ya miaka ishirini, kwa siku, mkiwa mmekubaliana siku zisizozidi ngapi kabla ya kuzungumza tena.

Bei moja ya kazi nzima ndiyo wateja wengi wanaitaka, na siikatai. Ila ndani ya daftari lako iwe imetokana na mita. Bei ya chumba siipendi kabisa: choo ni chumba, na sebule ni chumba.

## Vipimo na hesabu

4. Chumba kinapimwaje?

Jumlisha urefu wa kuta zote nne, zidisha kwa kimo. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8: mzunguko ni mita 15, mara 2.8, unapata mita za mraba 42 za kuta. Dari ni 4 mara 3.5, yaani 14.

Je, mlango na madirisha yatolewe? Mlango wa 0.9 kwa 2.1 ni karibu mita 1.9, na madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2 ni mita 3.6. Ukitoa, kuta zinabaki mita 36.5. Ninavyofanya mimi ni hivi: kwa hesabu ya rangi natoa, kwa hesabu ya ufundi sitoi. Kukata kona kuzunguka dirisha kunachukua muda kuliko kupitisha rola kwenye ukuta mtupu. Lakini mweleze mteja mapema. Akija kupima mwenyewe akute tofauti ambayo hukumwambia, ataona umemwibia.

5. Nitajuaje bei yangu ya mita moja? Wengine wanatoza chini, wengine juu.

Bei ya fundi mwingine inatokana na gharama zake yeye. Anza na zako. Tuseme nyumba ina mita za mraba 380 za kuta na dari, na unajua kwa uzoefu kwamba wewe na saidia fundi wawili mtamaliza kwa siku 12 pamoja na maandalizi.

Saidia fundi wawili kwa 15,000 kila mmoja kwa siku: 360,000. Wewe mwenyewe kwa 30,000 kwa siku: 360,000. Nauli na bodaboda ya kubebea ngazi, 4,000 kwa siku: 48,000. Rola, brashi, msasa, nailoni za kufunikia sakafu: 60,000. Jumla ni 828,000. Hapo hujapata faida, umelipa tu watu waliofanya kazi, nawe ukiwa mmoja wao. Ongeza asilimia 15, yaani 124,200, inakuwa 952,200. Gawanya kwa 380: karibu 2,500 kwa mita.

Kosa ninaloliona kila siku ni fundi kujisahau kwenye hesabu. Anaandika vibarua, anaandika nauli, halafu anasema "kinachobaki ni changu". Kikibaki elfu sabini kwa siku kumi na mbili, saidia fundi amemzidi kipato. Kosa la pili ni ngazi na jukwaa: mirunda inaoza, ngazi zinavunjika, na hakuna mteja atakayekununulia nyingine.

6. Rangi itaingia lita ngapi?

Kwenye ukuta laini uliopigwa skimu na praima, lita moja ya rangi ya maji inafunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Ukuta wa plasta yenye chembe au tyrolean (ile plasta ya kurushia yenye vinundu) unakula zaidi. Hesabu mita 6 hadi 8. Kile chumba cha swali la 4: mita 36.5 kwa mikono miwili ni 73, gawanya kwa 10, lita 7.3. Galoni mbili za lita 4 zinatosha na kuna kidogo cha kupiga tachi.

Soma pia maelezo kwenye ndoo, na uyachukue kama maneno ya mwenye mali. Rangi nyeupe juu ya nyekundu au bluu inataka mkono wa tatu hata ndoo ikisema miwili.

7. Nje na ghorofa bei iongezeke?

Ndiyo. Kuna jukwaa, kuna hatari ya kuanguka, kuna jua na mvua. Jukwaa liwe mstari wake peke yake, lisifichwe kwenye mita.

## Rangi inunuliwe na nani

8. Ni bora mteja anunue rangi mwenyewe au mimi ninunue?

Napendelea mteja anunue, nikiwa nimempa orodha yenye kiasi, aina na namba ya rangi. Ukinunua wewe, pesa yake inapita mfukoni mwako, na siku ndoo zikipungua wewe ndiye mwizi. Kama hana nafasi, nendeni wote dukani au nunua kwa risiti ya mashine umkabidhi.

Kuhusu cha juu: wote tunajua kwamba baadhi ya maduka humrudishia fundi kitu kwa kila ndoo. Mteja naye anajua. Ukitaka kulipwa kwa kazi ya kununua, kubeba na kutunza vifaa, andika "usimamizi wa vifaa" kwenye makadirio, kiasi kieleweke. Hela hiyo ni halali yako na hutaificha. Cha juu cha kificho kina ubaya mwingine: kinakufanya umshauri mteja ndoo nane pale panapotosha sita.

9. Mteja ameleta rangi hafifu, nipake tu?

Mwambie kwa ujumbe wa maandishi kwamba rangi hiyo huenda ikahitaji mkono wa tatu, na mkono wa tatu una bei. Akikubali, paka. Usipake mikono mitatu kimya kimya kwa bei ya miwili ili kulinda jina lako.

## Kianzio, awamu na nyongeza

10. Kianzio kiwe kiasi gani?

Kama rangi ananunua mteja, mimi huomba asilimia 40 ya ufundi siku ya kuanza, 30 mkono wa kwanza ukiisha nyumba nzima, na 30 siku ya kukabidhi. Kama vifaa unanunua wewe, pesa ya vifaa yote itangulie. Usikopeshe mtu ndoo za rangi. Wewe si duka.

Awamu zifungwe kwenye kazi inayoonekana kwa macho, zisifungwe kwenye tarehe. "Mkono wa kwanza umeisha" kila mtu anauona. "Ijumaa ya wiki ijayo" kila mtu ana yake.

11. Mwenye nyumba yuko Dar au nje ya nchi na anataka nyumba ya kijijini ipakwe kabla ya Krismasi. Nijilindeje?

Huu ndio msimu wetu Kilimanjaro. Kuanzia Novemba simu hazikatiki: Rombo, Marangu, Machame, Uru, kila mtu anataka akifika na watoto Desemba akute nyumba inang'aa. Na Novemba hiyohiyo ni mvua za vuli. Kwa hiyo mambo mawili yanagongana, haraka na unyevu.

Fanya hivi. Pokea kazi unazoweza kumaliza tu. Ukishika nyumba tano kwa vianzio vitano, tarehe 20 Desemba utakuwa unazima simu. Pili, kubalianeni nani aliyeko kijijini ana ruhusa ya kuamua. Kama ni babu, awe babu peke yake. Nimewahi kupewa rangi tatu tofauti za sebule na ndugu watatu wa nyumba moja, kila mmoja akisema ametumwa na mwenye nyumba. Tatu, piga picha kila jioni ukiwa umesimama sehemu ileile: kabla, baada ya maandalizi, mkono wa kwanza, mkono wa pili. Picha za maandalizi ndizo za maana zaidi, kwa sababu kazi hiyo ikishafunikwa na rangi hakuna atakayeiamini. Nne, nje ipakwe kwanza kukiwa na siku kavu, ndani ibaki kwa siku za mvua.

Pesa ya simu waitume kwenye Lipa Namba au waongeze ya kutolea. Kwenye kazi ya milioni, makato si ya kupuuza.

12. Mvua au baridi ikisimamisha kazi, nani anabeba hasara?

Andikeni kwenye makadirio kwamba siku za mvua haziingii kwenye idadi ya siku za kazi. Masika ya Machi hadi Mei usiahidi tarehe ya kumaliza nje. Juni na Julai Arusha hakuna mvua sana lakini kuna baridi na ukungu wa asubuhi. Ukuta wa nje unaweza kuwa na umande hadi saa nne, na rangi uliyopaka saa kumi na moja jioni inalala mbichi. Saa za kazi zinapungua, kwa hiyo siku zinaongezeka.

Tofauti ni pale mteja mwenyewe anapokusimamisha: fundi umeme hajamaliza, samani hazijatolewa. Hapo vibarua wako wamekuja na wanataka kula. Mimi naandika "siku ya kusubiri" kwa gharama ya vibarua bila faida.

13. Mteja ameongeza kazi katikati: "Fundi, na hilo geti lipigie basi."

Hilo "basi" ndilo linalokula faida. Jibu kwa upole, papo hapo: "Sawa bosi, geti na msasa wake ni elfu themanini, nianze?" Kisha mtumie ujumbe huohuo kwa maandishi na usubiri "sawa" yake. Akibadili rangi baada ya mkono wa kwanza, ni mita zilezile tena. Ili lisitokee, paka kipande cha mita moja kwa moja ukutani, akiangalie asubuhi na usiku taa zikiwaka, ndipo uendelee.

## Ankara yenyewe

14. Makadirio, profoma, ankara na risiti vina tofauti gani?

Makadirio ni bei kabla ya kukubaliana. Profoma ni ankara ya awali, ambayo ofisi nyingi huitaka ili ziombe pesa ndani. Ankara ni kudai pesa ya kazi iliyofanyika. Risiti ni uthibitisho kwamba umelipwa. Usimpe mtu risiti kabla pesa haijaingia, hata akisema mhasibu ndivyo anavyotaka.

15. Ankara iwe na nini?

Jina lako au la biashara, TIN (namba ya mlipakodi), simu, namba ya ankara, tarehe, jina la mteja na mahali ilipo nyumba, kazi mstari kwa mstari, kilicholipwa, salio, na njia ya kulipa. Hii hapa imetoka kwenye daftari langu, majina nimeyaondoa:

Kukwangua na kuziba nyufa, sebule na korido, m² 96 × 1,000 = 96,000
Rangi ya maji ndani, mikono 2, kuta na dari, m² 310 × 2,500 = 775,000
Milango 6 × 25,000 = 150,000
Grili za madirisha 9 × 12,000 = 108,000
Nyongeza: ukuta wa jikoni kubadilishwa rangi, m² 14 × 2,500 = 35,000
Jumla 1,164,000
Kianzio 450,000, malipo ya pili 350,000
Salio 364,000

Tazama mstari wa nyongeza. Nauweka peke yake ili mteja aone kwa nini jumla si ile ya makadirio. Ukiuchanganya na rangi ya ndani, mtaanza kubishana kuhusu mita 310. Andika kwenye daftari lenye kaboni au kwenye simu, mradi nakala ibaki kwako na namba zifuatane.

16. Niweke VAT?

Kama hujasajiliwa VAT, hapana, hairuhusiwi kuitoza. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18, na tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinacholazimisha usajili ni shilingi milioni 200 kwa mwaka. Fundi wengi hatufiki huko. Aliyesajiliwa aionyeshe kwenye mstari wake na atoe risiti ya mashine.

17. Hoteli imenilipa pungufu ya ankara, wanasema ni kodi ya zuio. Wameniibia?

Si lazima. Kampuni inapomlipa mkazi kwa huduma, hukata asilimia 5 na kuipeleka TRA. Kwenye ufundi wa 600,000 utapokea 570,000. Dai hati ya kodi ya zuio, maana zile 30,000 zinahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato. Bila hati, umezipoteza. Mtu binafsi anayepaka nyumba yake ya kuishi hana zuio hilo.

Hii ni sababu nyingine ya kutenganisha ufundi na vifaa kwenye ankara. Ukiandika "kazi ya rangi 3,000,000" kwa mkupuo, mhasibu anaweza kukata hadi kwenye pesa ya ndoo.

18. Nataka kazi za shule za serikali na halmashauri.

Ununuzi wao unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni ulioanza kutumika 2023. Jisajili ukiwa na TIN, na uwe na mtaji wa kulipa vibarua wakati unasubiri.

## Pale mambo yanapokuwa magumu

19. Kazi imeisha, mteja hataki kulipa salio.

Kwanza uliza ana kasoro gani. Mara nyingi kuna jambo moja dogo, tone la rangi kwenye vigae au swichi iliyopakwa, ambalo ameona aibu kulisema. Pitieni chumba kwa chumba mchana, andikeni kasoro, rekebisha, asaini. Akiendelea kukwepa, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na makadirio, ujumbe wa "sawa" na picha. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo ipo. Usirudi usiku kukwangua rangi yako. Kuna kijana alifanya hivyo, na aliyeishia polisi ni yeye.

20. Rangi imebabuka baada ya miezi minne. Nirudie bure?

Kama umebabuka ukuta uliouandaa wewe, rudia bure ufundi. Kama ni pale ulipoandika "unyevu, mteja amesema tupake tu", ni kazi mpya. Ndiyo maana ya kuandika yale ya swali la 2.

21. Ndugu anataka bei ya undugu.

Mwandikie ankara ya bei kamili, halafu mstari wa "punguzo" chini yake. Shangazi yangu wa Kibosho nilimpunguzia hivyo. Kabla ya hapo alikuwa akiwaambia majirani zake kwamba mimi nachaji laki tatu nyumba nzima, nao wakawa wananipigia simu wakitaka bei hiyohiyo.

22. Rangi iliyobaki ni ya nani?

Ya aliyeinunua. Mimina kwenye galoni dogo lijae karibu na mdomo, funga mfuniko kwa nyundo ya mpira, na juu yake andika kwa maka: chumba gani, namba ya rangi, tarehe. Liache stoo mbali na jua, mwonyeshe mteja lilipo.